Sinki la Alhamisi

Mimi ndiye ninayeosha sinki
la darasa la tatu, ghorofa ya pili,
katika shule iliyo chini ya nyaya
zinazoshusha manganizi kutoka mlimani.
Mji wetu wa Kijojia una vumbi jeusi:
hukaa kwenye kope, kwenye mkate, kwenye shuka zilizoanikwa,
na mto ukifika kwetu hupita umevaa kaniki.

Jumatatu sinki huwa na unga wa chaki.
Jumatano, majani ya chai ya walimu.
Lakini Alhamisi, Mwalimu Lamzira akishamaliza na watoto wake,
nilikuwa nakuta vita:
nyekundu imeburuzwa hadi kwenye bomba,
njano imejificha chini ya sabuni,
na pale maji yanapozunguka kabla ya kuzama
rangi isiyo na jina,
kama shingo ya njiwa, kama mafuta ya taa juu ya dimbwi.

Nililaani. Sitadanganya.
Nilisema: watoto wa wachimbaji, brashi za nini?
Marehemu mume wangu hakuchora hata mstari
na alilisha watu sita
mpaka mapafu yalipomsaliti.

Kisha ikaja Alhamisi ya Februari.
Upepo ulisimamisha vigari vya waya,
nyanya yake Tsotne akakwama huko juu,
mtoto akabaki darasani na penseli yake.
"Bibi Guliko, tulia. Usitikisike."
Mimi! Na ndoo mkononi, na goti linaniuma.

Akanitazama.
Sijui nikuelezeje.
Daktari hunitazama akitafuta ugonjwa,
mwalimu mkuu akitafuta vumbi nililoacha,
binti yangu, kwenye simu kutoka Italia,
hutazama kama nimekonda.
Huyu alitazama tu.
Alishusha macho, akapandisha,
akafuta, akaguna kama fundi saa,
akachovya brashi.
Goti nikalisahau.

Aliponionyesha nilicheka.
Kidole gumba kama kiazi. Ni kweli, klorini imekivimbisha.
Lakini aproni! Aproni yangu ni ya buluu,
yeye kaipaka kijani.
"Hapo umekosea," nikasema.
"Sijakosea. Rudi pale pale. Angalia."
Taa ya barabarani ilikuwa imewaka, ya njano,
inaingia dirishani kwa mshazari.
Nikainamisha kichwa.
Kijani.
Miaka ishirini na mmoja naifua, naipiga pasi,
nimeishona mfuko mara tatu,
na saa hiyo ya jioni sikuwahi kuwa nayo.

Aprili, mwalimu mkuu Jemali alisoma barua ukumbini:
saa ya kuchora itapewa hesabu.
Wazazi wakatikisa vichwa, ndiyo, ndiyo.
Mwalimu Lamzira alisimama, akaeleza, sauti ikamkauka.
Nami nilikuwepo, napanga viti nyuma.
Nilikuwa na neno. Lilifika kwenye meno.
Nikalimeza, nikaendelea kupanga viti.

Nilitaka kusema hesabu sina ugomvi nayo,
nahesabu ngazi, ndoo, na lari hadi mwisho wa mwezi.
Lakini nani atamfundisha mtoto
kutoamini kwamba ameshaona?
Leo nalisema vizuri. Leo ukumbi ni mtupu.

Sasa Alhamisi sinki ni jeupe.
Kazi imepungua, mgongo unashukuru.
Nyuma ya bomba kuna tone la zambarau
ambalo kitambaa changu hulipita
kama mtu anayepita mlango wa anayemdai.

Jana Tsotne alikuwa koridoni,
paji la uso limegota kwenye kioo, daftari la hesabu kwapani.
"Mto leo si mweusi," akasema bila kugeuka.
"Ni kahawia, halafu zambarau,
halafu pale kwenye jiwe una kitu."
"Kitu gani?"
"Sijui bado."
Nikaweka ndoo chini.
Nikafuta kioo kwa pindo la aproni,
upande wake, kisha upande wangu.